Daftari la mafuta: ujue kama ni bei iliyopanda au ni gari linalokula

Agosti 2023 lita ya petroli Dar es Salaam ilitoka shilingi 2,736 ikaenda 3,199 ndani ya usiku mmoja. Ukimuuliza dereva gari lake linakula kiasi gani, mara nyingi atakujibu kwa shilingi: "Naweka ya elfu ishirini, naenda nayo kazini siku tatu." Jibu hilo halina msaada, kwa sababu elfu ishirini ya Julai ilinunua lita 7.3 na ya Agosti ikanunua lita 6.25. Gari halikubadilika, kilichobadilika ni kilichoingia kwenye tanki. Na ukishazoea kuhesabu kwa shilingi, siku gari lenyewe litakapoanza kubugia mafuta hutajua. Utalaumu bei tu, na fundi atakuja kuliona tatizo baada ya miezi.

Bei huwezi kuipangia. Ulaji wa gari lako unaweza kuupima, na ukishaupima unaweza kuupunguza. Mwongozo huu ni wa kutenganisha mambo hayo mawili kwa daftari, kalamu na risiti.

Hatua ya 1: Ijue kalenda ya bei

Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mara moja kwa mwezi, na bei mpya huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Neno kikomo lina maana yake kamili: kituo hakiruhusiwi kuuza juu ya hapo, ila chini kinaruhusiwa. Ndiyo maana vituo viwili vya barabara moja vinaweza kutofautiana kwa shilingi kadhaa, na wote wako sawa kisheria. Bei ya eneo lako unaweza kuipata kwa simu yoyote, hata ya kitochi, kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kenya, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza tarehe 14, na bei hiyo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata.

Bei hutofautiana mkoa kwa mkoa kwa sababu mafuta hushushwa kwenye bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha hupakiwa kwenye malori. Kila kilomita ya lori iko ndani ya bei anayolipa mtu wa Kigoma au Bukoba. Kwa hiyo ukisafiri kutoka Dar kwenda bara, jaza kabla ya kutoka.

Kinachopandisha na kushusha ni bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi dhidi ya dola, gharama za kuyaleta hadi bandarini, na kodi na tozo za serikali. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, petroli Dar ilifika shilingi 3,410 mwezi Agosti, na hapo serikali ilikuwa tayari inaweka ruzuku. Hakuna dereva angeweza kuzuia lolote kati ya hayo. Andika tu bei ya mwezi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, halafu uende kwenye yale yaliyo mikononi mwako.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Daftari dogo la kukaa kwenye droo ya gari linatosha. Simu nayo inafaa kama una nidhamu ya kuandika pale pale kwenye sheli, kabla hujawasha gari. Chora safu za tarehe, kilomita za dashibodi, lita, bei ya lita, umejaza tanki au umeongezea tu, na safu moja pana ya maelezo. Safu ya maelezo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Hapo ndipo utaandika "safari ya Morogoro", "foleni wiki nzima", "nimebadilisha plagi", "watu watano na mizigo". Miezi miwili baadaye, namba ikikushangaza, maelezo hayo ndiyo yatakayokueleza kwa nini.

Lita zichukue kwenye risiti. Kituo kinatakiwa kukupa risiti ya mashine iliyounganishwa na pampu, yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, bei ya lita na kiasi ulichonunua. Wengi huiacha kwa mhudumu. Ichukue kila mara, hata ya elfu tano, kwa sababu ukiuziwa juu ya bei kikomo au mafuta yaliyochakachuliwa, malalamiko yako yatasimama juu ya karatasi hiyo.

Hatua ya 3: Pima kutoka tanki kujaa hadi tanki kujaa

Hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe. Andika kilomita za dashibodi. Lita za siku hiyo usizihesabu, kwa sababu zilijaza nafasi ya mafuta uliyokwisha kuyachoma kabla ya kuanza kupima. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea na kupata namba za ajabu.

Halafu tembea kama kawaida. Ukiongezea katikati, andika. Siku ukijaza tena mpaka pampu ikate, andika kilomita na lita, kisha piga hesabu. Daftari litaonekana hivi:

Tarehe 6: 148,210. Tanki limejaa. (Mwanzo)
Tarehe 11: lita 10. Nimeongezea.
Tarehe 14: lita 8. Nimeongezea.
Tarehe 20: 148,672. Lita 20.5. Tanki limejaa.

Umetembea kilomita 462. Umeweka lita 10, 8 na 20.5, jumla 38.5. Gawanya 462 kwa 38.5, unapata kilomita 12 kwa lita.

Sasa kuna jambo la kuwa nalo makini pale kwenye pampu. Pampu ikikata, mhudumu huangalia kioo, anaona shilingi 58,340, halafu anakuuliza: "Bosi, tumalizie sitini?" Anabonyeza kidogo kidogo mpaka namba ikae vizuri. Yeye hana nia mbaya, anatafuta wepesi wa chenji. Lakini leo akimalizia na wiki ijayo asimalizie, kipimo chako kimeharibika kwa nusu lita au zaidi. Mwambie mapema: "Ikikata, acha hapo hapo." Zaidi ya kipimo, mafuta yanayolazimishwa hadi mdomoni mwa tanki yanaweza kuingia kwenye mfumo unaonasa mvuke wa petroli na kuuharibu. Kama unaweza, tumia kituo kilekile, pampu ileile, na gari liwe limesimama sehemu tambarare.

Kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu. Kusanya vitatu au vinne, uone gari lako linacheza wapi. Likicheza kati ya 11.5 na 12.5, hiyo ndiyo hali yake, usihangaike na tofauti ndogo. Linaposhuka chini ya hapo mara mbili mfululizo na njia ni ileile, anza kutafuta sababu.

Magari mengi yanayotoka Japani yana sehemu kwenye dashibodi inayoonyesha wastani wa kilomita kwa lita. Itumie kuona mwelekeo, kama inapanda au inashuka, lakini usiichukue kama namba ya mwisho, maana mara nyingi husifia gari kuliko risiti zinavyosema. Na kama umefunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, dashibodi inahesabu kilomita pungufu ya ulizotembea, na gari litaonekana linakula kuliko ukweli.

Kama huwezi kujaza tanki

Wengi wetu hatujazi. Hela ya siku inaingia siku hiyo na mafuta yananunuliwa kwa elfu kumi kumi. Hilo halikuzuii kupima.

Tumia taa ya mafuta. Siku taa ikiwaka, andika kilomita. Kuanzia hapo andika lita za kila risiti. Taa ikiwaka tena, andika kilomita, jumlisha lita zote ulizoweka katikati, gawanya. Usisome taa ukiwa mlimani au kwenye kona, kwa sababu mafuta yakielemea upande mmoja huwaka mapema. Njia hii si kali kama ya kujaza, lakini ukiirudia mara kadhaa wastani wake unaaminika. Kwa pikipiki yenye koki ya rizavu ni rahisi zaidi: pale injini inapoanza kukosa nguvu ukageuza rizavu, hapo ndipo alama yako.

Usipime kwa kuangalia mshale wa geji. Mshale wa magari mengi hukaa juu kwa muda mrefu kisha hushuka haraka ukipita nusu, kwa sababu tanki si boksi lenye pande sawa.

Hatua ya 4: Tenganisha bei na gari

Hapa ndipo daftari linapolipa. Chukua mtu anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi kwa gari la kilomita 12 kwa lita. Anatumia lita 100. Kwa bei ya Julai 2023 hizo ni shilingi 273,600. Kwa bei ya Agosti ni 319,900. Bei imemwongezea 46,300.

Sasa tuseme mwezi huohuo gari limeshuka hadi kilomita 10 kwa lita, pengine upepo wa matairi umepungua na breki moja imeshika. Kwa kilomita zilezile 1,200 anahitaji lita 120, sawa na shilingi 383,880. Ukilinganisha na Julai, ametoa zaidi shilingi 110,280. Asiye na daftari atasema bei imemuumiza kwa laki moja na ushee. Mwenye daftari ataona kwamba 46,300 ni ya bei na 63,980 ni ya gari. Sehemu kubwa ya maumivu ilikuwa inatibika gereji.

Fanya hesabu hiyo kila mwisho wa mwezi. Lita ulizotumia mwezi uliopita, zidisha kwa bei ya mwezi huu: hicho ndicho ungelipa kama lita zisingebadilika. Tofauti yake na bili ya mwezi uliopita imetokana na bei, na kinachozidi hapo kwenye bili ya mwezi huu kimetokana na lita. Kisha angalia kilomita kwa lita. Kama imebaki palepale na lita zimeongezeka, basi umetembea zaidi, na hapo la kuangalia ni safari zako.

Hatua ya 5: Tafuta gari linapovujisha hela

Anza na matairi, kwa sababu ni kazi ya dakika kumi. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo. Kwa magari ya Japani kipimo huandikwa kwa kPa, na fundi wa upepo anatumia psi. Ikiandikwa 220 kPa, mwambie akuwekee 32. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Usikubali upepo wa kukadiriwa kwa kupiga tairi teke.

Breki zinazoshika ni adui wa kimya. Nyanyua tairi moja moja kwa jeki, gari likiwa limewekewa kigingi na liko sehemu tambarare, kisha lizungushe kwa mkono. Likigoma, au likizunguka huku linakwaruza sana, lipeleke kwa fundi wa breki. Dalili nyingine ni gari kutotiririka unapoachia mafuta kwenye barabara tambarare, au rimu moja kuwa ya moto kuliko wenzake.

Halafu kuna thamostati, na hapa naomba unisikilize vizuri. Gereji nyingi huitoa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na gari litachemsha. Kazi ya thamostati ni kuiwezesha injini kufika haraka kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikitolewa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Kama gari linachemsha, tafuta sababu: rejeta imeziba, feni haifanyi kazi, maji yanavuja. Kutoa thamostati kunaficha ugonjwa na kukuongezea bili ya mafuta kila siku. Mshale wa joto ukikaa chini kabisa hata baada ya kutembea nusu saa, muulize fundi: "Thamostati ipo?"

Oili nzito kuliko inayotakiwa nayo inakula. Injini ya gari dogo la kisasa iliyoandikiwa 5W-30 ukiijaza 20W-50 inafanya kazi ya ziada kuisukuma. Soma kitabu cha gari au mfuniko wa oili. Plagi zilizochoka, na taa ya injini iliyowaka miezi bila kushughulikiwa, hasa ikiwa inatokana na sensa ya oksijeni, vinaweza kupandisha ulaji kwa kiasi utakachokiona wazi kwenye daftari. Chujio la hewa lisafishwe na kubadilishwa, ila usitarajie muujiza: kwenye gari la sindano za mafuta (injekta) chujio chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji. Kwenye pikipiki na magari ya kabureta, hapo ndipo linaongeza ulaji kweli.

Toa mizigo usiyoitumia, na kama una keria juu isiyo na kazi, ifungue kabla ya safari ndefu.

Fanya jambo moja kwa wakati, uliandike, upime, kisha uende linalofuata. Ukibadilisha plagi, oili na matairi siku moja hutajua kipi kilikusaidia.

Hatua ya 6: Mguu wako

Gari likiwa zima, kilichobaki ni mguu. Mjini mafuta mengi hupotea kwa kukanyaga kwa nguvu kisha kufunga breki mita hamsini mbele. Ukiona taa za Ubungo ni nyekundu kwa mbali, achia mafuta mapema, gari liende lenyewe. Kwenye gari la sindano za mafuta, ukiachia ukiwa ndani ya gia, injini hukata petroli kabisa kwa muda huo. Kwa hiyo kuweka gari free kwenye mteremko, kama wanavyofanya baadhi ya madereva wakishuka Kitonga, hakuokoi kitu: ndani ya free injini lazima ichome mafuta ili isizime, na wewe umepoteza msaada wa injini kwenye breki. Kitonga imeua watu wa kutosha. Shuka na gia.

Barabara kuu, mwendo ndio unaoamua. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo ukitoka 80 kwenda 110 gari linasukuma upepo karibu mara mbili ya awali. Jaribu Dar hadi Dodoma kwa 80 hadi 90, andika, linganisha na safari yako ya kawaida.

Gari likisimama huku linaunguruma hula takribani lita moja kwa saa, mara nyingine zaidi kwa injini kubwa au kiyoyozi kikiwaka. Ukimsubiri mtu, zima.

Kukimbilia sheli Jumanne usiku

Kila mwisho wa mwezi uvumi wa kupanda kwa bei huanza. Kabla hujapanga foleni, piga hesabu. Bei ikipanda kwa shilingi 50 na ukajaza lita 35, umeokoa 1,750. Nusu saa ya foleni huku gari linawaka inakula sehemu kubwa ya hiyo. Ongezeko la Agosti 2023 lingekuokolea 16,205 kwa lita hizohizo, na hapo foleni ilikuwa na maana, ila maongezeko ya namna hiyo ni machache. Ukiwa tayari unahitaji mafuta na bei inaelekea kupanda, jaza mapema. Bei ikielekea kushuka, weka ya kukufikisha Jumatano.

Usihifadhi petroli kwenye madumu nyumbani. Mvuke wake hutambaa chini sakafuni hadi ulipo moto wa jiko au cheche ya swichi, na nyumba huungua na watu ndani. Hakuna tofauti ya bei inayostahili hilo.

Kuhusu kujaza alfajiri ili upate mafuta "yaliyobana": petroli hutanuka takribani asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, na matanki ya vituo yamefukiwa ardhini ambako joto halibadiliki sana. Faida yake kwenye lita 30 ni ya kijiko. Jaza saa inayokufaa.

Kwa wanaotafuta riziki barabarani

Bodaboda, bajaji, teksi na wenye gari za mizigo, ninyi mnahitaji namba moja zaidi: gharama ya mafuta kwa kilomita. Gawanya bei ya lita kwa kilomita kwa lita. Gari la 12 kwa bei ya 3,199 linakula shilingi 267 kwa kilomita. Pikipiki ya 40 inakula 80. Unapokubaliana na abiria, hesabu kilomita za kwenda na za kurudi tupu, kisha ongeza hesabu ya bosi, oili, matairi na jasho lako. Dereva anayejua kwamba safari ya kilomita 15 na kurudi inamlia mafuta ya 8,000 hawezi kuikubali kwa elfu tisa kwa sababu tu abiria ameng'ang'ania. Na bei ikibadilika Jumatano, anabadilisha namba moja tu.

Daftari hilohilo ndilo litakalokujibu kama ubadilishe gari litumie gesi asilia, kama wanavyofanya madereva wengi wa Dar es Salaam sasa. Chukua gharama utakayotajiwa ya kufunga mfumo, igawanye kwa hela utakayookoa kwa mwezi. Tuseme umetajiwa milioni 1.8 na gesi inakupunguzia nusu ya bili. Anayetumia lita 100 kwa mwezi kwa bei ya 3,000 anaokoa 150,000, hivyo hela yake inarudi baada ya mwaka. Dereva wa teksi anayetumia lita 400 anairudisha ndani ya miezi mitatu. Anayetumia lita 30 atasubiri zaidi ya miaka mitatu, na huyo ningemshauri hela yake aipeleke kwanza kwenye matairi, breki na thamostati. Kabla ya kuamua, angalia pia kituo cha gesi kiko umbali gani na njia yako ya kila siku, na foleni yake ikoje saa unazofanya kazi, kwa sababu muda wa kusubiri pale nao ni safari ambazo hukubeba abiria.